Masikio Hayabebi Mgongo

Kitendawili! Sema "tega" basi, usinikodolee macho. Kazini hubeba chuma, nyumbani huvaa maua. Ni nini?

Usikimbilie kunipa mji. Miji ninayo. Nimeshapewa Tabora, nimepewa Bagamoyo, hata Mombasa nimepewa na sijawahi kuikanyaga. Mimi nataka jibu. Kama hulijui, kaa nikusimulie, maana kitendawili hiki sikukirithi kwa bibi yangu. Nilikitunga mwenyewe kwa hasira, na hasira yenyewe haijapoa mpaka leo.

Nilikuwa opereta wa simu katika shirika la umma lililokuwa likigawa unga na sukari kwenye maduka ya mjini. Jina lake acha lilale. Ofisi zilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya pili, ukichungulia dirishani unayaona mabati ya Kariakoo. Chumba cha simu tulikuwa wanawake wawili tukipokezana zamu: mimi Sitara, Mzaramo wa Buguruni, na mwenzangu Evarista, Mmwera kutoka Ndanda. Evarista alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kwenye simu watu walimpenda kwa sauti hiyo. Hata akikuambia lori la unga halijafika, ulikuwa unakata simu umeshiba.

Alipanga chumba kimoja Ilala na mama yake, ambaye mguu wake ulikuwa ukitibiwa hospitali. Sasa hapa nataka unisikilize vizuri. Ilikuwa miaka ile ya operesheni, kila mtu afanye kazi. Mgambo wanakusimamisha njiani: "Kitambulisho cha kazi!" Unacho, unapita. Huna, unapandishwa lori na godoro lako unarudishwa kijijini. Kulima si aibu, mimi mwenyewe jembe nimelishika. Lakini daktari wa mguu ule alikuwa hapa mjini. Kwa hiyo kile kikaratasi chenye picha ya Evarista, ndicho kilichokuwa mguu wa mama yake.

Basi tukaletewa mitambo mipya ya simu na teleksi, ya kutuunganisha na maghala ya mikoani. Ilikuja kwenye makreti, imelazwa juu ya nyasi laini kama mayai. Mitambo ilitoka nchi moja, kabati la kuifungia likatoka nchi nyingine. Ndiyo misaada hiyo, unapokea ulichopewa unasema ahsante. Kabati jipya lilikuwa moja, halitoshi. Ikaamuliwa yale mawili ya zamani yaliyoachwa na wakoloni nayo yatumike. Usifikirie makabati ya nguo. Haya yalikuwa fremu za chuma tupu, hazina mlango wala mgongo. Ukiyatazama kwa mbele yamesimama sawasawa kama askari wa gwaride. Ukizunguka nyuma ndipo unacheka: jipya limekwenda ndani kama kabati la bi harusi, yale ya zamani mafupi kama rafu ya vikombe.

Fundi wetu alikuwa Bakili, mtu wa Ilala, mwembamba, mwenye chuo chake na cheti chake. Siku alipoanza kufunga aliniita.

"Dada Sitara, njoo uone kitendawili, wewe si unavipenda?"

Akanionyesha mtambo mmoja, boksi la chuma zito, watu wawili walibeba wakihema. Mbele lilikuwa na vibapa viwili, huku na huku, vyenye matundu ya skrubu.

"Haya tunaita masikio," akasema. "Unayakaza kwenye nguzo za mbele. Sasa niambie, wewe nikikushika masikio nikakuning'iniza, utakuwaje?"

"Nitakuwa sungura."

Akacheka. "Masikio hayabebi mgongo. Kazi yake ni kuuzuia mtambo usitoke mbele, basi. Anayebeba ni reli ya nyuma." Akaniambia kwamba katika kreti zimo reli za chuma, vipande viwili vinavyoingiana. Kabati likiwa limekwenda ndani sana, unaivuta reli inarefuka. Likiwa fupi, unairudisha. Kila mtambo unakalia reli zake mbili, hauna neno. "Hawa waliotengeneza walijua dunia ina makabati ya kila namna," akasema. "Kesho naanza na reli."

Kesho yake kreti lilikuwa na nyasi tupu.

Meneja wetu alikuwa Ndugu Severine, Mngoni wa Songea, na funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwake, hampi mtu. Ndugu! Neno lilikuwa zuri sana wakati ule, tuliitana wote, mfagiaji na mkurugenzi. Yeye alilitumia kama watu wanavyotumia manukato. Mie nilikuwa nikimtania, maana Wazaramo na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipopigana wakachoka. Naweza kumwambia lolote na yeye lolote, na anayenuna ndiye mjinga.

Bakili alikwenda kumwuliza, nami nilikuwepo, nimepeleka karatasi za teleksi.

"Ndugu Meneja, reli za nyuma ziko wapi?"

"Suala hilo linashughulikiwa."

"Nilikuwa nataka kufunga leo."

"Funga. Mgeni rasmi anakuja Ijumaa kukata utepe. Nimwambie arudi nyumbani kwa sababu ya reli?"

"Bila reli, kwenye makabati mafupi mkia wa mtambo utakuwa hewani. Na kwenye lile refu hata nguzo za nyuma haziufikii."

"Fundi Bakili," akasema, taratibu, "Mpanda kuna nafasi ya fundi. Umewahi kufika Mpanda?"

Bakili akageuka akatoka. Sikumlaumu siku ile, ana watoto. Nilimlaumu baadaye.

Akafunga kwa masikio. Akatafuta mbao za yale makreti, akazikata, akazipigilia kwa nyuma kama magoti zishike mikia ya mitambo. Haikupendeza lakini ilisimama. Alhamisi Ndugu Severine akapita kukagua, akazunguka nyuma, akaona zile mbao.

"Nini hii? Banda la kuku? Mgeni rasmi atazunguka huku na mpiga picha!"

"Zinashikilia, Ndugu Meneja."

"Toa. Zote."

Zikatolewa. Sakafu ikapigwa dawa, kuta rangi, na kwa mbele mitambo ikang'aa imenyooka mstari mmoja. Ijumaa ngoma ikapigwa, utepe ukakatwa, hotuba ikatuambia tusimame kwa miguu yetu wenyewe. Nikautazama ule mtambo wa juu kabisa kwenye kabati fupi, unaoning'inia kwa masikio, nikasema moyoni, wewe nawe umesikia?

Ulivyosimama pale hatukujua kumbe ulikuwa ukiinama. Kidogo, kidogo, kama mtu anayesinzia msibani. Siku ulipoanguka ilikuwa asubuhi, zamu ya Evarista. Masikio yalipinda yakang'oka, ukaporomoka kwa nyuma, ukazoa na wa chini yake, na nyaya zote zikafuata kama utumbo. Nilikuwa napanda ngazi nikasikia kishindo, nikamkuta Evarista amesimama ukutani na visikilizio vya simu bado viko masikioni, anasema, "Haloo? Haloo Morogoro?" kwa ile sauti yake ndogo. Hakuumia hata ukucha, namshukuru Mungu. Lakini simu zote zilikufa. Malori ya unga yakakaa maghalani yakingoja amri, na Kariakoo watu wakapanga foleni mbele ya maduka yenye rafu tupu.

Sasa lazima apatikane mtu. Katika nchi hii mtambo haujawahi kuanguka wenyewe.

Mchana ule ule Ndugu Severine alimwita Evarista ofisini. Alipotoka hakuwa na kitambulisho mkononi.

"Amekichukua," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Anasema niliweka chupa ya chai na mzigo juu ya mtambo. Anasema ni hujuma. Shauri litasikilizwa Jumatano kwenye mkutano wa wafanyakazi, na mpaka hapo nimesimamishwa."

"Chupa? Mtambo wa juu kabisa, uifikie kwa mbawa?"

"Nilimwambia. Akasema, kwa hiyo ulipanda kiti."

Hujuma! Unajua uzito wa neno lile siku zile? Ukiwekewa mgongoni hulitui. Na mtu ambaye amemwita binti wa watu mhujumu, ndiye yule yule aliyeng'oa mbao ili picha itoke nzuri! Nilimsindikiza Evarista mpaka Ilala kwa njia za uani, tukikwepa barabara ya mgambo, mwanamke mwenye kazi yake anatembea kama mwizi wa kuku. Mama yake alikuwa amenyoosha mguu mkekani.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema leo?"

Evarista akasema, "Mitambo mibovu, mama, tumepewa mapumziko." Akaenda kuchota maji. Nikaona aibu ambayo haikuwa yangu.

Nilimwendea Bakili kwenye kijiwe cha kahawa.

"Jumatano utasema?"

"Niseme nini, dada? Reli niliziona kwa macho yangu, lakini zilikokwenda sijui. Nikimtaja nitakuwa nimemsingizia meneja."

"Na Evarista anasingiziwa na nani? Na jini?"

"Nina watoto, Sitara."

"Evarista ana mama. Au mama si mtu?"

Nikamwachia kahawa yake ajinywee na uoga wake.

Jumapili mtoto wa Ndugu Severine, Benedikta, alipata komunyo ya kwanza. Wanawake wa ofisini tuliombwa kwenda kupika, ndivyo tulivyokuwa tukifanya, shughuli ya mwenzako ni yako. Nilitaka nisiende. Kisha nikasema, naenda, nikamwombee Evarista kwa mke wa meneja, huenda huyu mama ana moyo.

Nyumba ilikuwa ya shirika, sebule kubwa, madirisha mapana. Padri kakaa, wakubwa wamekaa, Benedikta kavaa shela jeupe anapendeza. Nikaingia na sinia la pilau kichwani, nikalitua, nikainua macho. Mapazia mapya. Maua mekundu makubwa, na wakati huo hata kanga tulikuwa tukipanga foleni!

"Mapazia mazuri, mama Benedikta," nikasema.

"Ahsante dada. Kitambaa nililetewa. Kilichotusumbua ni vyuma vya kutundikia, mjini hakuna kabisa. Baba Benedikta akatafuta mpaka akapata. Tena hivi vyake vinavutika, dirisha pana unavuta, dirisha dogo unarudisha."

Aliniambia hivyo, mikono imeshika bakuli la kachumbari, uso mweupe kama wa mtoto. Hakujua, yule mama. Mpaka leo naapa hakujua.

Nikasogea dirishani. Nikalifunua pazia kwa kidole. Chuma cha kijivu, rangi ile ile ya mitambo, vipande viwili vimeingiana, matundu yamepangwa mstari. Kamba za pazia zimepitishwa kwenye matundu ya skrubu zetu. Na siyo dirisha lile tu. Yote.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Ningepiga kelele pale, padri angesema nimepandwa na pepo, na kufikia kesho yake madirisha yangekuwa matupu. Ndipo nikakumbuka mimi ni nani kwa mwenye nyumba.

Unajua desturi ya watani. Kwenye shughuli, mtani anaweza kuingia ndani mwako akakwapua kitu, sufuria, kofia, mbuzi, akaondoka nacho mpaka ukakikomboe. Na wewe hununi. Ukinuna umejivunjia heshima mbele ya watu.

"Jamani eee!" nikapiga kigelegele. "Leo Mngoni kamkaribisha Mzaramo ndani, hajui atalia!"

Watu wakaanza kucheka. Ndugu Severine akainua glasi. "Huyo mtani wangu! Tazameni hao, Wazaramo bila kuiba hawashibi!"

"Babu yako aliiba ng'ombe wa nchi nzima, mimi naiba kitambaa tu!" Nikapanda kiti, nikakamata pazia kwa mikono miwili, nikavuta na chuma chake. Skrubu zikatoka na chokaa.

"Chukua, mtani, chukua!" akasema akicheka, "mkashone magauni—" Hapo akaona chuma kinaning'inia kwenye lile pazia. Kicheko kikamkatikia mdomoni. "Ah, mtani. Nguo chukua. Hicho chuma acha."

"Mtani anachagua? Nimeiba, nimeiba na mkia wake."

"Sitara, nakuambia acha."

"Ehe! Baba padri, shuhudia, Mngoni kanuna!"

Sebule nzima ikalipuka. Mzee mmoja wa kwao Songea akampiga bega: "Severine, unatutia aibu, mpe mtani haki yake." Afanye nini? Akakaa. Nami nikaviringisha pazia juu ya ile reli, nikaitia kwapani.

"Utalikomboa Jumatano," nikamwambia. "Mkutanoni."

Jumatano tulijaa kantini. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi alikuwa Mzee Augustino, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Evarista kakaliswa kwenye kiti peke yake, mbele, kama mgonjwa wa kuchunguzwa. Ndugu Severine akasimama, suti yake ya kaunda imenyooka. Kumbe naizi hawa, wakubwa waliorithi viti vya wakoloni, hawalali usingizi mbaya hata kidogo! Alijua kile chuma ninacho, na bado alisimama. Alidhani mwanamke wa swichibodi atatania tu kisha atanyamaza.

Akasema uzembe. Akasema hujuma. Akasema wapo wanaokula jasho la wakulima na wafanyakazi. Nikamtazama shingo, nikiwaza maua mekundu.

"Binti," Mzee Augustino akamwuliza Evarista, "uliweka kitu juu ya mtambo?"

"Sikuweka, mzee."

"Kwa hiyo mtambo ulianguka kwa nini?"

"Sijui, mzee. Nilikuwa naongea na Morogoro."

Watu wengine wakacheka. Mkono wangu ukakaza ile reli chini ya kanga.

Mzee Augustino akamgeukia Bakili. "Fundi. Mtambo ulifungwaje?"

Bakili akasimama. Nilimkazia macho, na naona yalimfika. "Kwa masikio tu, mzee," akasema. "Mgongo haukuwa na wa kuubeba. Reli za nyuma zilikuja, niliziona. Halafu hazikuwepo."

"Ziko wapi?"

"Nilimwuliza Ndugu Meneja."

"Ndugu Meneja, reli ziko wapi?"

"Mwenyekiti, suala hilo linashughulikiwa. Tusitoke kwenye ajenda. Ajenda ni huyu binti."

Nikasimama. Sikuomba nafasi.

"Kitendawili!" nikasema.

Kantini ikageuka. Wachache wakaitikia kwa mazoea, "Tega!"

"Kazini hubeba chuma, nyumbani huvaa maua."

Wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema mwanamke. Mwingine, punda wa bi harusi. Wakacheka, wakashindwa. "Haya tunakupa mji!"

"Miji sitaki. Anijibu mtani wangu."

Ndugu Severine akatabasamu nusu. "Mwenyekiti, mtani wangu huyu tumemzoea. Sitara, nakupa Songea yote, kaa chini."

"Songea kuna baridi, kaa nayo. Mimi nimekuja ukomboe mali yako." Nikatoa pazia kwapani, nikalikung'uta mbele ya watu wote. Maua mekundu yakafunguka kantini nzima, na reli ikaanguka sakafuni ikilia kengele.

Hakuna aliyecheka. Bakili alikuja akaiokota. Akaivuta, ikarefuka. Akairudisha, ikafupika. Akapitisha kidole kwenye matundu, chokaa ya ukuta wa watu ikamwagika.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Reli ya nyuma."

"Reli!" kantini ikapaza sauti, kama darasa.

"Jumapili ilikuwa imevaa hili," nikasema. "Na wenzake wamevaa, madirisha yote. Mtambo unaning'inizwa masikio, mapazia yanakaa juu ya reli, halafu Evarista ndiye mhujumu? Mbao za Bakili ziling'olewa, zikaitwa banda la kuku! Mama wa mtu amenyoosha mguu mkekani hajui kesho atapandishwa lori kwa sababu ya maua haya! Mimi mtani wako, Severine, leo sikutanii. Rudisha kitambulisho cha mtoto wa watu."

Ndugu Severine alimtazama Mzee Augustino, akatazama mlango, akatazama pazia la mkewe mikononi mwangu. Akatia mkono mfuko wa suti. Kitambulisho kilikuwa humo, alikuwa akitembea nacho. Akakiweka mezani na hakukitazama. Evarista hakungoja kuambiwa. Aliinuka, akakichukua, akakitia kifuani, akarudi kukaa.

Mzee Augustino alikohoa mpaka akamaliza.

"Bado, Ndugu Meneja," akasema. "Swali la fundi halijajibiwa. Yeye aliuliza kabla mtambo haujafungwa. Mimi nimeuliza sasa hivi. Reli za nyuma ziko wapi?"

Akafungua mdomo, nikaliona lile neno "linashughulikiwa" linapanda kooni, nikaona linarudi. Akatoa leso, akajifuta paji la uso.

"Kwangu," akasema. "Zote ziko kwangu."